Aliyefeli ni Nani?

Wenzangu wa kalamu, kuna neno tumelipokea kama mgeni wa heshima, tukalipa kiti na chakula bila kuuliza limetoka wapi. Neno lenyewe ni "kufeli". Huku kwetu Igamba, matokeo ya kidato cha nne yakitoka tu, mtaa mzima unaimba: fulani kafeli! Basi, mtu kwisha. Hana jina tena.

Hebu tulipekue. Kufeli ni kitenzi cha Kiingereza, "fail". Waingereza walikichukua kwa Wafaransa yapata karne ya 13, na Wafaransa walikirithi kutoka Kilatini, "fallere". Maana yake huko? Kudanganya! Ndugu yake wa tumbo moja ni "false", yaani uongo. Kumbe hapo mwanzo mwenye kosa alikuwa mdanganyifu. Neno limesafiri, limegeuka, na leo mzigo kabebeshwa aliyedanganywa.

Tena tazameni maajabu. Lori likifeli breki kwenye barabara ya Tunduma, hakuna anayelitukana lori. Tunauliza: mwenye mali ni nani? Lilikaguliwa lini? Nani kalijaza mzigo kupita kiasi? Lakini mtoto akifeli, maswali yote yanakufa. Eti hana akili!

Mtoto huyo kasoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Anaingia sekondari, ghafla fizikia, jiografia, vyote Kiingereza. Anakariri asichokielewa, kisha anapimwa kwa hicho hicho.

Mnabisha? Kumbukeni mtihani wa kidato cha nne wa 2012. Matokeo yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa na sifuri. Makelele yakawa makubwa, tume ikaundwa, na Mei 2013 serikali ikayafuta, yakapangwa upya. Wapo waliolala na sifuri wakaamka wamefaulu, bila kuandika hata nukta mpya. Sasa hao walikuwa wamefeli, au walifelishwa?

Kiswahili chenyewe kinatuzidi akili. Wazee walisema "kushindwa", na ile "w" inadai jibu: kashindwa na nani? Kashindwa na nini? Vijana wa mitaani nao wameshalifinyanga neno la kigeni: "nimefelishwa". Wakubwa wanacheka, wanasema ni kisingizio. Sawa, wavivu wapo. Lakini zaidi ya nusu ya nchi haiwi mivivu kwa mwaka mmoja!

Nawageukieni ninyi mnaoandika. Hadithi zetu kibao zina kijana aliyefeli: ukurasa wa pili anavuta bangi, wa tatu anaiba, wa mwisho anachomwa moto. Hatuambiwi wangapi waligombea kitabu kimoja cha hesabu, wala kama maabara ilikuwa na kitu zaidi ya kufuli mlangoni. Huo ni uvivu wa mwandishi, si wa kijana.

Ukiandika "alifeli", usiweke nukta hapo. Endelea mpaka msomaji ajue kafelishwa na nani.