Kinachobaki Machoni



Wapendwa taifa la Mungu, mtoto akizungusha kijinga cha moto gizani, sisi tunaomtazama hatuoni kaa moja linalotembea, bali duara zima la moto. Duara hilo halipo. Lililopo ni kaa moja tu, lakini kabla jicho halijaiachilia nuru ya mahali lilipopita, kaa limekwisha kurudi pale pale. Mwaka 1765 mwanasayansi Patrick d'Arcy, aliyeishi Ufaransa, alilipima jambo hilo kwa kaa lililozungushwa kwa mtambo, akakuta kwamba mwonekano hudumu takriban sekunde 0.13 baada ya kitu chenyewe kuondoka.

Yako na mabaki ya muda mrefu zaidi. Tukikikazia macho kitambaa chekundu kwa nusu dakika, kisha tukatazama ukuta mweupe, tutaona umbo la kitambaa kile kile, ila sasa kwa rangi ya kijani inayoelekea buluu. Seli za jicho zinazopokea wekundu zimechoka kwa kitambo, na zile nyingine zinazizidi nguvu. Baada ya muda mfupi umbo hilo hufifia.

Mtakatifu Augustino aliyajua haya. Katika kitabu cha 11 cha maandiko yake juu ya Utatu, mwanzoni mwa karne ya 5, anaeleza jinsi mtu anavyotazama taa, akafumba macho, na rangi zenye kung'aa zikabaki zikibadilika hadi zitoweke. Hakuishia hapo. Alitambua kwamba katika kuona mna mambo matatu: kitu kinachoonekana, kuona kwenyewe, na utashi unaolishikilia jicho juu ya kitu hicho. Kitu kikiondoka, kumbukumbu hushika nafasi yake, na utashi ule ule huielekeza akili huko.

Hapa ndipo dhamiri inapohusika. Jicho hujisafisha lenyewe kwa muda mfupi. Kumbukumbu haijisafishi hivyo. Hatuhukumiwi kwa kila kinachopita mbele yetu, bali tutaulizwa juu ya kile tulichochagua kukishikilia, na zaidi juu ya kile tulichowashikisha wenzetu.

Twasema hivi kwa sababu ya desturi moja iliyoingia kati yetu. Ajali ikitokea barabarani, hata kabla ndugu hawajapewa taarifa, picha za marehemu zimekwisha kuenea katika makundi ya simu, pengine hata ya jumuiya zetu ndogondogo, zikiambatana na neno "tuwaombee". Wanaotuma husema kwamba nia yao ni kuomba sala, au kuwaonya madereva. Nia hiyo twaiheshimu. Lakini sala haihitaji picha ya mwili uliopondeka. Jina la marehemu na saa ya misa vyatosha. Mjane aliyeiona picha ile ataweza kuifuta katika simu, asiweze kuifuta usiku anapotafuta usingizi. Na mtoto anayechezea simu ya mama yake hakuulizwa kama anataka kuona.

Huenda mtu akatujibu: mbona Ijumaa Kuu twamtazama Msulubiwa? Ni kweli, twamtazama, na twapiga magoti. Hata hivyo tukumbuke alichofanya Yosefu wa Arimathaya: aliuomba mwili, akaushusha, akaufunga kwa sanda, akauweka kaburini. Upendo haukimbii mateso, lakini huyafunika kwa heshima. Mwili uliobatizwa na kupakwa krisma ulikuwa hekalu la Roho Mtakatifu. Kanisa huunyunyizia maji ya baraka na kuufukizia ubani. Haustahili kuwa habari ya kupitishwa mkono kwa mkono.

Basi, tukifika penye ajali, kwanza tuwasaidie walio hai, tuite msaada, tuwafunike marehemu kwa khanga au shuka, kisha tusali. Picha ikitufikia, iishie kwetu, na aliyeituma tumweleze kwa upole, faraghani. Nayo macho yetu tuyapeleke kwa makusudi mbele ya Ekaristi Takatifu, tukae hapo bila haraka, kwa maana kile tunachokitazama kwa muda mrefu na kwa upendo nacho hubaki ndani yetu.

Mungu awabariki.