Gome, mizizi au majani?
Jamani, kuhimiza watu wapande miti ya dawa hakutoshi. Tuangalie pia tunachukua sehemu gani. Mti wa dawa kama mjafari ukibanduliwa gome kuzunguka shina lote, chakula kinachotengenezwa na majani hakishuki tena mizizini, mti unakauka umesimama. Kuchimba mizizi nako ni hivyo hivyo. Mnakumbuka mugariga, mti uliochemshwa kuwa dawa ya kikombe, ile ya mzee aliyeitwa Babu kule Samunge, Loliondo, 2011? Mizizi tupu! Pa kuanzia tunapo: utafiti wa dawa za asili wilayani Bunda, hapa mkoani Mara, ulichapishwa tangu 2007. Sasa wataalamu wapime majani na mizizi ya mti uleule sambamba, kwani nguvu hutofautiana. Majani yakifaa, waganga wetu wa Butiama na Musoma waelezwe waziwazi. Yasipofaa, gome litolewe upande mmoja tu, kipande kidogo, na jeraha liachwe lipone.