Vibao Vinne, Si Sanduku Zima

Kaka zetu mliomaliza masomo hapa mmetuandikia kwamba mwaka huu mtaisaidia seva ya shule, ambayo siku hizi imekuwa nzito mno. Ahsanteni sana. Barua zenu zilisomwa mbele yetu sote, tukazipigia makofi. Lakini kwa kuwa mmetaka maoni yetu, na gazeti hili ni lenu na letu pia, nasema waziwazi kwamba mashauri mawili mliyoyaleta siyaungi mkono, na kwamba liko la tatu lenye gharama ndogo.

Shauri la kwanza ni kukusanya vibao vya kumbukumbu kutoka kompyuta kuukuu za maofisini mwenu, mvitie katika sanduku na kutuletea. Shauri la pili ni kuiuza seva na kununua kompyuta mpya ya kawaida ya mezani, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 128. Wenye mashauri hayo hawapatani, lakini wote wanatazama kitu kimoja tu, nacho ni wingi wa gigabaiti. Ndiyo maana nawapinga pamoja.

Kwa wasioijua mashine yenyewe: seva yetu ina prosesa mbili za Intel, Xeon E5 za toleo la nne, ambazo zilitoka mwaka 2016. Kila prosesa ina njia nne za kuendea kumbukumbu, na kila njia ina matundu matatu ya kuchomekea vibao. Basi jumla ni matundu 24. Sasa mna vibao vinne tu, kila kimoja gigabaiti 16, jumla 64. Humo hupitia alama za mitihani ya madarasa yote, ripoti zinazopelekwa kwa wazazi, orodha ya vitabu vya maktaba, na hati za wale wanaoandika kutoka mbali wakiomba barua ya kuthibitisha kwamba walisoma hapa. Ninyi pia mmo.

Vibao viwili kati ya hivyo vinne viliongezwa mwaka jana na fundi mmoja wa mjini. Alivichomeka jirani na vile vya zamani, katika matundu yaliyokuwa rahisi kufikiwa na mkono, akawasha, skrini ikaandika 64, akalipwa akaenda zake. Hakuna aliyeuliza vimekaa wapi. Mwalimu wetu wa kompyuta alipotufungulia mfuniko mwezi uliopita, tuliona kwamba vyote vinne viko upande wa prosesa ya kwanza, tena katika njia mbili tu. Njia nyingine sita zilikuwa tupu kabisa.

Fikirini bwalo letu la chakula lingekuwa na milango minane, kisha watu wote wakaambiwa wapite miwili. Chakula ni kilekile na viti ni vilevile, lakini saa nzima itapotea mlangoni. Na hapa hesabu ni rahisi. Kila njia, kwa vibao vyetu, hupitisha mara milioni 2,400 kwa sekunde, na kila mara baiti nane, yaani gigabaiti 19.2 kwa sekunde. Njia mbili ni 38.4. Vibao vivyo hivyo vinne, vikigawanywa viwili kwa kila prosesa, kila kimoja katika njia yake, vitatupa 76.8, bila kununua hata msumari. Tena prosesa ya pili sasa haina kumbukumbu yake mwenyewe; kila inachokitaka hukiomba kwa mwenzake kupitia daraja lililo kati yao. Watu husema seva imezeeka. Mimi nasema imepangwa vibaya.

Nirudi kwenye sanduku. Nia ni njema, lakini mengi yatakayokuwamo hayataingia. Vibao vya aina ya DDR3 vina meno 240, vyetu vya DDR4 vina 288, na pengo lililo kati ya meno limewekwa mahali tofauti makusudi ili kimoja kisiingie katika tundu la kingine. Vya kompyuta za kupakata ni vifupi. Vitakavyotusumbua zaidi ni vile vya DDR4 vya kompyuta za mezani, maana hivyo vitaingia sawasawa, vibanio vitafunga, kisha seva itakataa kuwaka. Seva ya namna hii hutaka vibao vyenye chipu ya katikati inayopokea amri kutoka prosesa na kuzigawa kwa chipu nyingine, na vya mezani havina chipu hiyo. Kati ya vichache vitakavyofaa, kimoja kikiwa cha mwendo wa 2,133, vyote vitashuka vimfuate huyo mvivu. Na tukijaza hata tundu la tatu la kila njia, kwa kawaida mashine yenyewe hupunguza mwendo. Basi sanduku litatuongezea namba kwenye skrini na kutupunguzia kazi.

Shauri la pili ni gumu zaidi kulijibu, maana kompyuta mpya ni nyepesi, haili umeme mwingi, na haipigi kelele kama kinu cha kusaga. Hayo nayakubali yote. Ila kumbukumbu ya kompyuta ya kawaida ya mezani hailindwi, na jambo hili nataka lieleweke vizuri kuliko yote niliyoandika.

Kompyuta huandika kila namba kwa biti, ambazo ama zimewaka ama zimezimika. Alama 68 huandikwa kwa kuwasha biti ya 64 na biti ya 4. Sasa biti moja ikigeuka yenyewe, kwa chipu dhaifu, au kwa chembechembe zinazotoka angani, au kwa sababu isiyojulikana, itakuwaje? Biti ya 64 ikizimika, mwanafunzi aliyepata 68 amebaki na 4. Na yule aliyepata 17, ambayo ni 16 na 1, biti ya 64 ikiwaka, ana 81. Hapana wino uliofutwa wala mkono wa mtu. Yule wa 4 labda atalalamika. Yule wa 81, sijui.

Msiseme ni hadithi. Katika uchaguzi wa Ubelgiji wa tarehe 18 Mei 2003, huko Schaerbeek katika mji wa Brussels, mgombea mmoja alihesabiwa kura 4,096 za ziada. Iligunduliwa kwa sababu hesabu hiyo haikuwezekana. Wataalamu waliipima mashine wasione ubovu, ila waliona kwamba 4,096 ni thamani ya biti moja kamili, wakasema huenda biti hiyo iligeuka yenyewe. Na mwaka 2009 wachunguzi wa Google na wa Chuo Kikuu cha Toronto walitangaza waliyoyaona katika seva za Google kwa zaidi ya miaka miwili: katika kila mwaka, karibu thuluthi ya mashine zilipata angalau kosa moja la kumbukumbu lililosahihishika, na vibao zaidi ya 8 katika kila 100.

Neno ni hilo, lililosahihishika. Kibao cha seva yetu hakiweki biti 64 peke yake. Huweka 72, na zile nane za ziada ni za ulinzi. Biti moja ikigeuka, mashine huitambua ni ipi na kuirudisha. Zikigeuka mbili, haiwezi kuzirudisha, lakini hujua na kupiga kelele badala ya kuendelea na uongo. Msingi wa hesabu hiyo aliuweka Richard Hamming wa Bell Laboratories, aliyeitangaza mwaka 1950 baada ya kuchoshwa na mashine iliyoacha kazi zake mwisho wa juma kila ilipokuta kosa. Alijiuliza: ikiwa mashine inajua kwamba pana kosa, kwa nini isijue liko wapi? Kwa maoni yangu swali hilo lina thamani kuliko gigabaiti zote 128 za ile kompyuta ya mezani. (Ataniambia mtu kwamba vibao vipya vya DDR5 husahihisha makosa ndani ya chipu. Ni kweli, lakini ulinzi huo hauifikii safari ya kutoka kibao hadi prosesa, wala haumwambii mwenye mashine kwamba kuna chipu inayougua.)

Shauri langu basi ni hili. Tununulieni vibao vinne tu, ndugu wa vile tulivyo navyo. Karatasi iliyobandikwa juu ya vyetu imeandikwa 16GB 2Rx4 PC4-2400T-R. Kila herufi ina kazi yake: 2,400 ni mwendo, ile R ya mwisho ni ile chipu ya katikati, na 2Rx4 ni mpangilio wa chipu zenyewe. Muuza duka wa Kampala akisema kingine ni “sawa tu”, mwacheni nacho. Dalili moja ya haraka: katika DDR4, chipu za kumbukumbu za kibao chenye ulinzi, bila ile ya katikati, hugawanyika kwa tisa. Vyetu vina 36. Ukihesabu 8 au 16, rudisha. Vibao vinne na vinne ni vinane, kimoja kwa kila njia: gigabaiti 128, zilezile za ile kompyuta ya mezani, na mwendo wa 153.6 badala ya 38.4.

Kazi ya kuvichomeka tuachieni sisi wa Kidato cha Sita, mbele ya mwalimu. Si kazi ya siri. Seva huzimwa, nyaya zote mbili za umeme huchomolewa, na mkono hufungwa kamba ya kuondoa umeme tuli, maana umeme ambao ngozi haiusikii unatosha kuua chipu. Ramani ya matundu imechapwa ndani ya mfuniko. Unasawazisha pengo, unakandamiza pembe zote mbili kwa nguvu moja hadi vibanio vifunge vyenyewe. Kisha unangoja. Mara ya kwanza seva hupima kila kibao, na skrini huweza kukaa giza kwa dakika kadhaa. Hapo ndipo wenye haraka huzima umeme na kutangaza kwamba mashine imekufa.

Katika mipangilio ya BIOS wapo watakaotaka kuwasha ule mtindo wa kioo, ambao huandika kila kitu mara mbili. Kwetu ni anasa, maana 128 itakuwa 64. Heri nakala ya alama kwenye diski nyingine, na ya karatasi kabatini. Lakini ule ukaguzi unaopitia kumbukumbu polepole ukitafuta biti zilizogeuka, huo uwashwe. Usiku wa kwanza tuiachie programu ya Memtest86+ ifanye kazi hadi asubuhi. Baada ya hapo achaguliwe mwanafunzi mmoja kila muhula wa kusoma daftari la makosa ambalo seva hujiandikia yenyewe. Kosa moja lililosahihishwa si kitu. Yakianza kurundikana katika kibao kimoja, kitolewe kabla hakijashindwa. Daftari hilo limekuwamo tangu seva ilipoletwa, na hadi mwezi uliopita hapana aliyelifungua.

Kamati yenu inakutana Jumamosi ya mwisho ya muhula. Namba kamili za vibao vyetu, pamoja na mchoro wa matundu, ziko kwa mwalimu wa kompyuta katika karatasi moja. Atakayekwenda dukani aichukue kwanza.