Jembe Halitoshi

Mtu mzima akionekana anakimbia alfajiri kwenye barabara ya murram nje ya Nkubu au Runyenjes, swali atakalotupiwa kutoka mlangoni mwa duka ni moja: "Nani anakufukuza?" Akipita juu ya baiskeli ilhali ana nauli ya pikipiki, watu humwonea huruma. Kicheko hicho kimebeba imani ambayo Meru na Embu hushikwa na msomi na asiyesoma vilevile, kwamba mazoezi ni shida ya watu wa mjini, wale wa ofisini wenye vitambi, na kwamba mtu wa kijijini jembe limekwisha kummalizia kila kitu. Ni imani tamu kwa sababu inatusifu bila kutudai chochote. Si ya kweli, na kila mwaka unaopita unaizidishia uongo.

Wanaoishikilia wana sababu, na sababu yenyewe inafaa kutazamwa kwa makini. Miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya imepasuliwa na mito: Rupingazi, Ena, Thuci, Nithi, Mutonga, Kathita, na vijito visivyo na idadi katikati yake. Nyumba ziko juu mgongoni mwa kilima, maji yako bondeni, na kiwanda cha kahawa, ambacho hakiwezi kufanya kazi bila maji ya kuoshea, hujengwa karibu na mto. Hadi kizazi kilichopita maji yalipandishwa mgongoni, kahawa ikateremshwa kwa gunia, kuni zikatoka msituni, na mtoto akavuka mabonde kufika shuleni. Kila safari ilikuwa mteremko na mpando. Mwili wa mkulima wa wakati ule ulijengwa hapo. Wajukuu walipotafuta siri ya babu kuzeeka bila kitambi, waliliona jembe limeegemezwa ukutani wakalipa sifa zote, kumbe sifa zilikuwa za miguu.

Na miguu ndiyo iliyostaafu. Mwaka 2008 serikali iliziondolea kodi pikipiki ndogo zisizozidi cc 250, na baada ya miaka michache kila njia panda ikawa na steji ya bodaboda, hata mahali pasipo na duka la pili. Siilaumu pikipiki: imewafikisha wajawazito hospitalini usiku wa manane na kuwapa vijana riziki. Lakini imechukua pia mwendo wa kwenda sokoni na wa kurudi, siku baada ya siku, na hakuna aliyeurudisha kwa njia nyingine. Miradi ya maji ya mtiririko kutoka mlimani imeleta bomba uani, jambo la kushukuru, na safari ya mtoni ikafa. Majani chai hufuatwa na lori kwenye kituo cha kununulia. Yote hayo ni maendeleo, na jumla yake ni kwamba mkulima wa Kyeni leo anaweza kumaliza wiki nzima bila kuhema hata mara moja.

Litazame jembe lenyewe, na mkono unaolishika. Mwenye ekari mbili anayejigamba kwamba kazi ya shamba inamtosha mara nyingi ndiye anayemlipa kibarua alime, kisha yeye anakaa sokoni kungoja bei. Kulima kwenyewe ni kwa msimu, mvua ndefu za Machi hadi Mei na zile fupi za Oktoba hadi Desemba. Palizi ikiisha, jembe hulala. Mchuma chai husimama katikati ya mistari, mmea ukimfika kiunoni, kikapu mgongoni, vidole vikienda kasi na miguu ikisogea hatua chache tu. Kule Maua, wafungaji wa miraa hukaa kitako tangu asubuhi, wakipanga vijiti kwa urefu na kuvifunga kwa majani ya mgomba. Ni ustadi mkubwa, na ni kazi ya kukaa kama ya karani wa benki. (Moyo wa anayeitafuna miraa hiyo huenda mbio kweli, ila hizo si mbio za kumfaa.) Kazi hizi zinachosha, hilo halina ubishi. Lakini kuchoka ni kitu kimoja na kuupa moyo nguvu ni kingine, na kosa lote la imani hii ni kuvichukua viwili hivi kama kimoja.

Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka 2015 na Wizara ya Afya pamoja na Shirika la Takwimu la Taifa ulikuta kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini ana presha ya juu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa presha. Mpinzani makini atanishika kwa uchunguzi huohuo, maana ulikuta pia kwamba wasiofikia kiwango cha mwendo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani hawafiki hata asilimia 7. Atasema Wakenya wanajishughulisha vya kutosha, tatizo liko kwenye chumvi na mafuta. Chumvi na mafuta vina lawama yake, sivitetei. Lakini hesabu hiyo ilitokana na watu kujieleza wenyewe, na ilitia katika kapu moja saa ya kubeba gunia na saa ya kutembea kwa hiari. Utafiti wa Copenhagen uliochapishwa mwaka 2021, uliowafuatilia watu zaidi ya 100,000 kwa takriban miaka 10, ulivitenganisha. Waliojishughulisha sana nje ya kazi walikuwa na hatari ndogo zaidi ya ugonjwa wa moyo na ya kifo; ambao kazi yao ndiyo ya sulubu walikuwa na hatari kubwa zaidi, hata baada ya kuzingatiwa sigara, elimu na kipato. Mdenmaki si Mmeru, na sidai kwamba takwimu za kule zinahamia Igoji zilivyo. Maelezo waliyoyatoa watafiti, hata hivyo, yanaeleweka popote: mzigo wa saa nyingi usio na pumziko huiweka presha juu mchana kutwa, ilhali nusu saa ya mbio huipandisha kisha huuacha moyo utulie.

Pingamizi linalonipa shida zaidi ni la mama. Mwanamke aliyeamka saa kumi na moja, akakamua, akapika, akachuma chai, akatafuta kuni, huyo umwambie akimbie? Ni tusi, na anayemwambia anastahili jibu atakalopewa. Lakini angalia ni nani anayelitumia jina lake kama ngao. Ni bwana aliyeketi nje ya hoteli ya soko saa nne asubuhi, anayesema "sisi watu wa shamba" huku mikono yake haina sugu. Jasho la mama halimpunguzii presha yeye. Na kama angeiacha pikipiki nyumbani akayapeleka maziwa kwa baiskeli, au akabeba kuni mwenyewe kwenye mpando, mama naye angepata nusu saa ya kuamua la kufanya nayo, hata kama ni kulala.

Wapo wanaokwepa kwa mlango mwingine: mbio ni za Wakalenjin. Catherine Ndereba, aliyeshinda marathoni ya Boston mara 4, alizaliwa Nyeri, upande wa pili wa mlima huuhuu. Cosmas Ndeti, mshindi wa Boston 1993, 1994 na 1995, na Patrick Makau, aliyeweka rekodi ya dunia ya marathoni kule Berlin mwaka 2011, ni watu wa Machakos, na Machakos inapakana na Embu. Sitaki kulitia chumvi hili, kwa kuwa medali haihusiki. Shirika la Afya Duniani linaomba dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, au 75 za kuhema, yaani robo saa ya mbio kwa siku tano. Na tangu mwaka 2000 watu kutoka nchi nyingi huja kila mwaka kukimbia kwenye hifadhi ya Lewa, ndani ya Kaunti ya Meru, na hulipa pesa nzuri wakimbie kwenye vumbi la murram. Vumbi la Kibirichia halina kiingilio.

Mtu ataniuliza kwa nini isiwe kamba ya kuruka uani, basi. Kamba inafaa moyo. Lakini hapa ndipo nchi yetu inapotoa kitu ambacho uani hakipo. Ugawaji wa mashamba uliofuata Mpango wa Swynnerton wa 1954, ule wa kilimo wa serikali ya kikoloni, ulitupatia viwanja vyembamba vinavyoanzia barabara ya juu na kuishia mtoni, na barabara zenyewe zikafuata migongo ya vilima hadi kwenye lami. Matokeo yake ni kwamba mtu anaujua mgongo wake, anaijua lami, anaijua Embu mjini au Meru mjini, na mgongo wa ng'ambo, ambao anasikia jogoo wake wakiwika, hajawahi kuukanyaga. Gari haliwezi kukata bonde. Lazima lishuke hadi lami lizunguke. Anayekimbia anakata: anashuka katikati ya migomba, anavuka kwa daraja la magogo, anapanda akihema na kutokea kwenye shamba la mtu asiyemjua, na hapo ni lazima asimame asalimie, kwa maana yumo uani mwa watu. Baiskeli nayo ina somo lake. Anzia ukingoni mwa msitu juu ya Runyenjes uelekee Ishiara: chai kwanza, baridi ikiuma vidole juu ya breki, kisha kahawa na makadamia, udongo mwekundu ukirukia magurudumu, halafu maembe, ndengu, muguka, mbuzi, mchanga na joto la Mbeere, yote kabla ya chakula cha mchana. Ndani ya matatu unaona migongo ya viti. Juu ya tandiko macho yanapita ua wa kaiyaba na unajua nani amepalilia. Kurudi juu ni deni utakalolilipa kwa jasho, tena ukiwa na ile baiskeli nzito ya Black Mamba isiyo na gia, utaisukuma, na kusukuma nako ni mazoezi.

Pingamizi moja linabaki nami silipingi: barabara zinaua. Njia kuu ya Embu hadi Meru si mahali pa kukimbilia, na daraja la Nithi, ambapo basi lilitumbukia Julai 2022 na kuua watu zaidi ya 30, linatosha kuwa ushahidi. Ndiyo maana nazungumzia murram za vilimani. Nazo zinatiwa lami moja baada ya nyingine, na pikipiki zinaongeza kasi papo hapo. Katiba ya 2010 imeziachia kaunti barabara zake, huduma za afya na viwanja vya michezo, yaani mambo matatu yanayohusika hapa yamo katika mkono mmoja. Uwanja wa Kinoru mjini Meru ulikarabatiwa, na ule wa Embu ukatengenezwa kwa ajili ya Madaraka Dei ya 2023. Vyote vina ukuta na lango, na aliye Kathanjuri atahitaji nauli ya kufika kukimbia huko. Barabara inayopita mbele ya nyumba yake haimdai nauli, ila lami ikiletwa hadi ukingo wa mtaro, anayekimbia ataikimbia kwa miguu miwili ndani ya njia ya pikipiki. Kabla mkandarasi hajakusanya mitambo yake, mwakilishi wa wadi aulizwe mita moja ya changarawe ya waendao kwa miguu iko upande gani.