Mkate wa Watu Wenye Haraka

Hapa ni Ankoro, ambapo Luvua humwaga maji yake katika Lualaba. Kwaresima ingali katikati, na tayari sokoni hatusikii ila habari za Pasaka: bei ya vitenge, bei ya mbuzi, nani atawashonea watoto na nani atapika pombe. Hatulaumu. Sikukuu isiyo na chungu motoni ni sikukuu gani? Lakini juma hili twapenda kuwaonyesha nyumba nyingine zinazojitayarisha majira haya haya, nyumba za Wayahudi, maana Pasaka yetu imezaliwa katika ukoo wao, na Mtakatifu Luka asimulia kwamba Yosefu na Maria walikuwa wakipanda kwenda Yerusalemu kila mwaka kwa sikukuu hiyo.

Mtu atasema: "Wayahudi wako mbali, habari zao zatuhusu nini?" Hawako mbali hivyo. Huko Lubumbashi sinagogi lao, lililojengwa karibu na mwaka 1930, lasimama hata leo. Wengi wa waliolijenga walikuwa wafanyabiashara waliotoka kisiwa cha Rhodes, wakisema nyumbani Kihispania cha zamani. Mkuu wao wa ibada, rabi Moïse Levy, alifika mwaka 1937 akawatumikia kwa zaidi ya miaka 50. Walipokuwa wakiandaa Pasaka zao hapa Katanga, ndugu zao walibaki kisiwani. Na mwezi wa Julai 1944 Wajerumani wakawakamata hao, watu zaidi ya 1,600, wakawapeleka Auschwitz, ambako wengi sana waliuawa. Baada ya uhuru, na hasa baada ya mali za wageni kutwaliwa mwaka 1973, walio wengi waliondoka Katanga. Wamebaki wachache.

Tena wako Wayahudi weusi kama sisi. Karibu na Mbale, nchini Uganda, wanakaa Abayudaya. Semei Kakungulu, aliyekuwa mkuu wa vita wa Waganda, alitahiriwa pamoja na wanawe mwaka 1919, akaishika sheria ya Musa, na watu wake wakamfuata. Wakati wa utawala wa Idi Amin ibada yao ilikatazwa. Wakasali kwa siri, na wengi wakakata tamaa wakaiacha. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikatekwa na serikali ya Amin ikaanguka. Jioni ile ile ndiyo iliyokuwa mkesha wa Pasaka yao. Hebu fikirini jinsi baba wa nyumba alivyoweza kuwaeleza watoto wake maana ya kutoka Misri mwaka ule!

Basi, wanajitayarishaje? Kwanza, kwa ufagio. Siku nyingi kabla ya sikukuu nyumba yote hugeuzwa: kabati, mifuko ya nguo, pembe za jiko. Hutafutwa kila kitu cha unga uliochachuka, mkate, keki, hata makombo. Usiku wa kuamkia siku ya mkesha baba huzima taa, hushika mshumaa, na pamoja na watoto hupita chumba kwa chumba. Wengi hutangulia kuficha vipande kumi vya mkate, ili watoto wasitafute bure. Asubuhi makombo hayo huchomwa moto. Vyombo vya kila siku hufungiwa, na vingine vya Pasaka hutolewa. Hapo tuliona haya kidogo, maana katika nyumba zetu kazi ya kutayarisha sikukuu ni ya mama peke yake, na baba hutokea chakula kinapoiva.

Mkate wao huitwa matza: unga wa ngano na maji, basi. Tangu maji yanapogusa unga hata mkate uwe umeiva, zisipite dakika 18, usije ukachachuka. Mama mmoja hapa kwetu alituuliza kama Myahudi angeweza kula bukari yetu ya muhogo siku hizo, kwa kuwa muhogo tunauloweka hata unachacha. Swali jema! Sheria yao ya chachu yahusu nafaka tano tu, yaani ngano, shayiri na jamaa zake, muhogo haumo. Juu ya mchele na mahindi hawapatani: wale wa asili ya Hispania wengi wao hula mchele, wale wa Ulaya ya kaskazini hujinyima. Twaona hata katika ukoo mmoja desturi hazilingani, wala hawaachi kuwa ndugu.

Jioni meza huandikwa. Huwekwa mfupa wa mnyama, yai, majani ya kuchovya katika maji ya chumvi kwa ukumbusho wa machozi, mboga chungu kwa uchungu wa utumwa, na mchanganyiko mtamu wa matunda, mwekundu kama udongo, kwa ukumbusho wa matofali ya Farao. Wafyatuaji wa matofali wa kando ya mto wetu wangeutambua bila kuelezwa. Divai hunywewa vikombe vinne. Lakini yanapotajwa mapigo kumi ya Misri, kila mmoja hudondosha tone la divai kutoka kikombe chake kwa kila pigo. Na wengi wao hueleza kwamba furaha haiwezi kujaa kikombe pale ambapo hata adui amekufa.

Na kiini cha usiku huo si chakula. Ni mtoto. Aliye mdogo kuliko wote huuliza: Kwa nini usiku huu si kama siku nyingine zote? Huuliza maswali manne, na wakubwa wanawajibika kumjibu, wakisimulia kana kwamba wao wenyewe walitoka Misri. Mtoto asipouliza, baba humwanzishia habari.

Hapo ndipo tulipokwama, wasomaji. Sisi tumelelewa kwamba mtoto hula akinyamaza. Pasaka iliyopita mwana wetu aliuliza mezani kwa nini nyumba ya bibi ina ukuta mmoja mweusi, nasi tukamwambia: "Kula." Ukuta huo uliungua mwezi wa Novemba 2002, mapigano yalipofika hapa Ankoro na nyumba nyingi sana kuteketezwa. Sisi wenyewe tulikuwa bado watoto. Mama alichukua kichwani muhogo uliokuwa bado majini, haujakauka, haujatwangwa, tukakimbilia porini. Soma kitabu cha Kutoka, sura ya 12: watu wanafukuzwa na unga wao haujatiwa chachu. Tulikisoma kitabu hicho seminarini miaka mingi, tukakifanyia mtihani, tusikumbuke hata mara moja ule muhogo.

Hatuwaambii mwige ibada ya Wayahudi. Ni yao, na kuiigiza mezani kwetu kama mchezo kungekuwa kukosa adabu. Tena tumewakosea vya kutosha. Uwanjani pa shule tulikuwa tukilitumia jina lao kuwa tusi, na hakuna mkubwa aliyetukanya, ingawa Mtaguso ulikuwa umekwisha kusema wazi mwaka 1965, katika tamko la Nostra aetate, kwamba Wayahudi wasitajwe kama watu waliolaaniwa na Mungu. Lakini kumwacha mtoto aulize si ibada ya mtu. Hilo twaweza kuliazima.

Basi tumekwenda kwa mama kumwomba asimulie jioni ya Pasaka, baada ya chakula, wajukuu wakiwapo. Alikataa. Alisema mambo yale si ya sikukuu. Tukarudi juma la pili, tukamweleza habari za mezani pa Wayahudi, za mboga chungu na za matone ya divai. Alikaa kimya kitambo, akichambua majani ya sombe. Halafu akauliza kama ni lazima aseme na majina ya wale walioanza kuchoma. Tukamjibu, hapana, si lazima. Akasema atasimulia habari za muhogo, na za mama jirani aliyetupokea kule porini akatugawia chumvi. Mengine ataona siku yenyewe, kadiri watoto watakavyouliza.