Sukari ya Mgonjwa Imo Katika Damu

Nataka kubishana na wenzangu wa darasa la kemia.

Tangu Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi wapewe Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2025 kwa ajili ya viunzi vya metali na molekuli za kaboni, wenzangu hawana hadithi nyingine. Kweli viunzi hivyo ni vya ajabu. Metali husimama kama nguzo, molekuli za kaboni zikawa fito, mfano wa nyumba ya udongo kabla haijakandikwa, na ndani mna nafasi tupu nyingi mno. Wataalamu hutengeneza kiunzi cha nikeli, kobalti au shaba, wakakipaka juu ya elektrodi. Glukosi ikifika hapo hupokonywa elektroni, na umeme unaopita hupimwa. Kimeng'enya hakitumiki.

Basi wenzangu wasema taabu imekwisha. Nawaelewa, maana bibi yangu ana kisukari. Vipande vyake vya kupimia vina kimeng'enya, nacho ni protini, huharibika kwa joto. Chupa imeandikwa isizidi nyuzi 30, na nyumba yake ni ya mabati; kwa hiyo huiweka kando ya mtungi wa maji. Siku moja aliisahau dirishani kwenye jua kali, tukavitupa vyote, navyo vilinunuliwa kwa fedha ya mbuzi.

Lakini nauliza: viunzi hivyo vilijaribiwa ndani ya nini? Mara nyingi ni ndani ya haidroksidi ya sodiamu, ile kostiki ya kupikia sabuni, yenye pH ya 13 hivi. Damu ya bibi ni 7.4. Nikeli na kobalti hufanya kazi vizuri katika kostiki, na viunzi vingine hubomoka humo, metali ikageuka haidroksidi. Hapo aliyepima sukari ni kiunzi au mabaki yake? Tena kimeng'enya, pamoja na udhaifu wake, chajua kuichagua glukosi. Metali yaweza kudanganywa na vitamini C na asidi ya yuriki, navyo vyote vimo katika damu.

Sisemi kazi hiyo iachwe. Wapo wanaojaribu katika pH ya damu, na habari za hao ndizo ningependa zibandikwe kwenye ubao wetu. Mwenzangu aliyesoma juu ya kiunzi kilichopima damu yenyewe, bila kostiki, na aniletee bwenini hata usiku.