Herufi za Bure, Ulimi wa Kufunzwa

Mpwa wangu, ambaye kazi yake ni kuwatembeza wageni katika Mji wa Kale wa Mombasa, alinijia uso umemkunjuka. Alikuwa amenunua, kwa shilingi elfu tatu, flashi yenye michezo ya kujifunzia Kijapani. Nilipoitazama nikamwambia, "Mwanangu, wewe mtu wa pwani umeuziwa maji ya bahari!"

Naam, michezo ya namna hiyo imejaa bure, tena wenyewe wameitoa kwa radhi yao. Shirika la Japan Foundation limetoa programu za simu za kumkumbusha mtu herufi kwa picha na mchezo. Waama hapo ndipo pa kuanzia, kwani Kijapani kina hiragana 46 na katakana 46, kabla hujazifikia kanji, nazo ni maelfu. Duolingo ilianza kufunza Kijapani mwaka 2017, ingawa maelezo yake wakati huo yalikuwa ya Kiingereza. Kwa atakaye Kiswahili, shirika la utangazaji la NHK la Japani lilitayarisha masomo ya sauti yenye maelezo kwa lugha yetu.

Lakini iliyonifurahisha mimi, mtoto wa chuoni, ni programu iitwayo Anki. Kwenye kompyuta na simu za Android hailipiwi. Kwenye iPhone hulipiwa. Jina lake kwa Kijapani maana yake ni kuhifadhi. Hukuonyesha kadi: neno ulilokosea hurudi papo hapo, ulilolijua hurudi baada ya siku, kisha wiki, kisha miezi. Nani aliyekalia mkeka wa chuoni asiyeujua mtindo huo? Si ndio kudurusu! Mwalimu wetu hakuwa na kompyuta, lakini alimjua kila mtoto na sura aliyoisahau.

Je, mchezo watosha basi? La hasha. Mpwa wangu alipata alama zote katika michezo yake, akatoka kifua mbele. Akakutana na mgeni wa Kijapani, mama wa makamo, akataka kumwita shangazi kama ilivyo ada yetu: obasan. Ulimi ukaivuta irabu, akasema obaasan, yaani bibi, mzaa mama! Yule mama alicheka, akamrudisha mara tatu hata akalipata. Kisha akamfunza kwamba ni bora mgeni kuitwa kwa jina lake, na nyuma yake san. Adabu hiyo haikuwamo katika flashi.

Sisi watunzi tulipaswa kumwonya. Haiku ina mizani 5, 7 na 5, na irabu ndefu huhesabiwa mizani mbili. Tokyo, ambayo sisi twaiona mizani mbili, kwao ni nne. Irabu zao ni tano kama zetu, na ukaribu huo ndio humfanya Mswahili adhani ameshafika.

Basi vijana, herufi na maneno yachezeeni simuni, wala msimlipe mtu. Shilingi mliyokusudia kununulia michezo iwekeni, mumpe mwalimu atakayewasikiliza na kuwarudisha mkikosea. Kidole hubonyeza jibu, bali mgeni huzungumza na ulimi.